Kutathmini hatari ya mafuriko mpaka ngazi ya mtaa: mwongozo kwa halmashauri

Mvua kubwa ikitangazwa Dar es Salaam, watu wa Kigogo, Hananasif, Tandale na Vingunguti huanza kuinua magodoro. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo hutafuta njia ya kuzunguka au hubaki nyumbani. Desemba 2011, mvua ya siku chache iliua watu zaidi ya 40 jijini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwa imeonekana tangu 1954. Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Halmashauri haina uwezo juu ya mvua. Ila kibali cha ujenzi, mtaro, gari la taka, uwanja wa shule na ofisi ya mtaa viko mikononi mwake, na kwa sehemu kubwa hivyo ndivyo vinavyoamua kama mvua ya usiku mmoja itakuwa usumbufu au msiba. Mwongozo huu unawahusu mkurugenzi, mhandisi, ofisa mipango miji, diwani na mtendaji wa kata. Mifano mingi ni ya Bonde la Msimbazi kwa sababu huko mambo haya yamejaribiwa, mengine yakafaulu na mengine yakashindwa, lakini hatua zenyewe zinafaa Morogoro, Mbeya, Mombasa au Kisumu.

Hatua ya 1: Fuata maji yanakotoka

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla kazi haijaanza: manispaa inachora ramani ya hatari inayokoma kwenye mpaka wake. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita maeneo ya halmashauri zaidi ya moja, unapokea vijito vya Sinza na Ubungo, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Miti ikikatwa na viwanja vikisafishwa huko juu, udongo na mchanga hushuka na kutua pale mto unapopunguza kasi, yaani Jangwani. Kina cha mto kinapungua, nafasi chini ya daraja inapungua, na mvua ambayo zamani ingepita sasa inamwagika barabarani. Halmashauri ya chini inaweza kuchimba mchanga kila mwaka na isimalize, kama ya juu haijashirikishwa.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha bonde zima. Waite Bodi ya Maji ya Bonde (kwa Msimbazi ni ya Wami/Ruvu), TARURA (barabara za mijini na vijijini), TANROADS (barabara kuu), NEMC (baraza la mazingira), mamlaka ya maji, na halmashauri jirani za juu na chini. Mwaka 2018 wakazi wa Bonde la Msimbazi, maofisa wa serikali na wataalamu walikaa meza moja kwa miezi kadhaa wakibishana juu ya ramani, na mpango ukatoka 2019. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya mradi wa bonde hilo. Mazungumzo yalitangulia fedha. Halmashauri inayosubiri mfadhili ndipo ianze kuzungumza na jirani yake itasubiri sana.

Usiunde kamati mpya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeshaweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi ngazi za chini kabisa. Kinachokosekana mara nyingi ni timu ndogo ya kazi ndani ya kamati ya wilaya: mhandisi, ofisa mipango miji, ofisa mazingira, ofisa afya, ofisa ustawi wa jamii na mtu mmoja anayejua ramani za kompyuta. Wapeni barua za uteuzi, gari kwa siku zinazojulikana, na tarehe ya kuwasilisha kazi.

Hatua ya 2: Kusanya kumbukumbu za maji nyumba kwa nyumba

Miji yetu mingi haina vipimo vya mto vya miaka mingi. Kumbukumbu zipo kwa watu na kwenye kuta. Mkazi wa Mtaa wa Mkunguni hahitaji setilaiti kumwambia maji yalifika wapi. Atakuonyesha alama kwenye plasta.

Muulize maswali yaleyale kila nyumba. Maji yalifika wapi: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua, au juu ya kichwa? Mwaka gani, saa ngapi? Yalitoka upande gani: mtoni, kwenye mtaro, au yalichipuka chini? Yalikaa saa ngapi au siku ngapi? Yalikuja kwa kasi au yalipanda taratibu? Yalibeba nini? Jibu la swali la upande ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu nyumba nyingi zinazodhaniwa kuathiriwa na mto kwa kweli huzamishwa na mtaro ulioziba au na ukuta wa jirani, na tiba zake ni tofauti kabisa. Kisha pima alama kwa futi kamba, kutoka sakafuni na pia kutoka usawa wa barabara, kwa kuwa sakafu zimeinuliwa kwa viwango tofauti.

Msidharau maji machache. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hivi zinatosha kuanza kuinua gari dogo.

Wasikilizeni wapangaji. Mwenye nyumba mara nyingi haishi pale, na akiwapo ana sababu ya kupunguza chumvi ili kodi isishuke. Wanawake wanaobaki nyumbani mchana wanajua saa ambayo maji huanza kuingia. Wanafunzi wanajua kivuko gani hakipitiki wakati wa kurudi kutoka shuleni. Katika kila mtaa hakikisha makundi haya matatu yamehojiwa, vinginevyo ramani itakuwa ya wazee wa kikao.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wakazi walichora nyumba, njia na mitaro ya kata zinazofurika na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Halmashauri za Dar es Salaam zinaweza kuanzia hapo bila kununua chochote. Miji mingine inaweza kurudia njia ileile: wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, simu za kawaida, programu huria ya kukusanyia taarifa, na mjumbe wa shina anayewatambulisha mlangoni. Mlipeni mjumbe posho yake. Yeye ndiye anayefungua milango.

Hatua ya 3: Ramani, mitaro na hesabu kidogo

Sasa weka kila kitu kwenye ramani moja kwa programu ya bure kama QGIS: mito, mitaro, makaravati (njia za maji chini ya barabara), mwinuko wa ardhi, nyumba, na miundombinu ambayo ikizama wote wanaumia, yaani zahanati, shule, transfoma, visima, vituo vya mafuta na madampo. Juu yake weka alama za kina cha maji mlizokusanya. Mwinuko unahitaji uangalifu. Takwimu za bure za setilaiti zenye vipande vya mita 30 zinafaa kuonyesha bonde kwa ujumla, lakini kwenye tambarare kosa lake la mita kadhaa linameza kina chote cha mafuriko. Pale penye nyumba nyingi tumieni droni au mpima ardhi mwenye kifaa cha kupimia usawa.

Mtaro upitiwe kwa miguu kuanzia unapoanza hadi unapomwaga. Andika upana, kina, umejengwa kwa nini, umeziba kiasi gani, na unaishia wapi. Mtashangaa ni mitaro mingapi inaishia ukutani kwa mtu, au inaingia kwenye karavati dogo kuliko mtaro wenyewe.

Kisha fanyeni hesabu ambayo mhandisi yeyote wa wilaya anaijua: mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde ni sawa na kigezo cha uso wa ardhi (sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywewa na udongo), mara kiwango cha mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Chukua mtaa wenye hekta 60 zilizojaa mabati na saruji, kigezo 0.7, na mvua ya milimita 60 kwa saa. Unapata mita za ujazo 7 kwa sekunde. Mtaro wa mita moja kwa mita moja, maji yakienda mita 2 kwa sekunde, unapitisha mita za ujazo 2 tu. Ukiwa umejaa mchanga nusu, haufikishi hata 1. Hapo diwani anaelewa papo hapo kwa nini kuzibua peke yake hakutoshi, na kwa nini kusakafia kila ua kwa saruji kunampelekea maji mtu wa chini. Njia hii inafaa maeneo madogo. Kwa mto mzima iachieni Bodi ya Bonde na wataalamu wenye modeli.

Waelezeni madiwani pia maana ya “mafuriko ya miaka 50”. Haimaanishi kwamba yakija leo yatarudi baada ya miaka 50. Yana uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka, na kwa nyumba itakayosimama miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni karibu asilimia 45. Anayetoa kibali cha ujenzi anapaswa kuijua namba hiyo ya pili.

Hatua ya 4: Nani yuko majini, na atainukaje

Ramani ya maji si tathmini bado. Nyumba mbili zinaweza kuingiwa na maji ya kina kimoja: moja ina ghorofa na mwenye ajira ya kudumu, nyingine ina vyumba sita, wapangaji sita, na mama lishe ambaye mtaji wake wote uko kwenye jiko na magunia mawili. Kwa kila mtaa hesabuni watu, wala msiishie kwenye paa. Andikeni wanaohitaji kubebwa au kuongozwa: wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wajawazito wa miezi ya mwisho, watoto wachanga. Orodha hiyo ibaki kwa mtendaji wa mtaa na mjumbe, isibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Vyoo viwe na safu yake kwenye ramani. Wakati wa mvua baadhi ya watu hutapisha vyoo vya shimo ili maji ya mafuriko yabebe kinyesi, kwa sababu gari la kunyonya ni ghali au halifiki uchochoroni. Kipindupindu hufuata njia hiyo. Ofisa afya akiwa na ramani ya vyoo na visima ndani ya eneo linalofurika, anajua wapi apeleke dawa ya kutibu maji kabla ya mgonjwa wa kwanza. Faini peke yake haitamaliza tabia hiyo. Huduma nafuu ya kunyonya vyoo kabla ya masika itafanya zaidi.

Mwishowe peni kila mtaa alama 1 hadi 3 kwa mambo matatu: maji huja mara ngapi na kwa kina gani, watu na huduma wangapi wamo, na ni vigumu kiasi gani kwao kuinuka. Zidisheni. Mtaa wenye 27 ndio wa kwanza kufikiwa. Pelekeni matokeo kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa na mpokee pingamizi kabla ya kuyapitisha.

Hatua ya 5: Tathmini iingie kwenye bajeti na kwenye kibali

Hapa ndipo ripoti nyingi hufia. Kila mtaa wenye alama za juu lazima uonekane kwenye kifungu cha bajeti, jina la ofisa na tarehe. Kama tathmini haijabadilisha hata mstari mmoja wa bajeti, wananchi waliohojiwa wana haki ya kuwakasirikia.

Mitaro na taka ndiyo kazi ya bei nafuu na yenye faida ya haraka. Zibueni mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli inayoanza Oktoba na kabla ya masika inayoanza Machi. Mkataba uandike wazi kwamba mchanga unaotolewa unaondolewa siku hiyohiyo. Ukiachwa pembeni, mvua ya kwanza inaurudisha ndani na fedha imepotea. Lipeni kwa mita iliyopimwa, siyo kwa siku. Kazi hii inawafaa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Halmashauri tayari inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo yao isiyo na riba, na utaratibu wa ununuzi wa umma unatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Kikundi kilichokopeshwa mikokoteni na kupewa mkataba wa mtaro wa mtaa wake kitaulinda, maana ndio riziki yake. Gari la taka lisipoingia uchochoroni, mkokoteni uingie, na pawe na kituo cha kukusanyia ambacho gari linafika kwa ratiba. Mkazi asiye na pa kutupa atatupa mtaroni.

Kibali cha ujenzi ni kazi ngumu zaidi kwa sababu inagusa masilahi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na bahari. Ramani ya eneo linalofurika ibandikwe katika ofisi inayotoa vibali, na ombi lolote lililo ndani yake lisipite bila saini ya mhandisi wa timu. Kifusi cha kuinua kiwanja kihesabiwe kuwa ujenzi, kwani kila tripu ya kifusi bondeni inamsukumia maji jirani. Na serikali ianze kujizuia yenyewe. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa bondeni Jangwani na imezama mara kwa mara, mabasi yakaharibika. Mwananchi anayebomolewa Hananasif anaiona, na ana haki ya kuuliza.

Huko juu ya bonde, gharama ni ndogo kuliko ya kujenga kuta chini: kupanda nyasi na miti kwenye makorongo, kudhibiti uchimbaji wa mchanga, na kutenga mabwawa au viwanja vya mpira vilivyo chini kidogo ya usawa wa mitaa ili vishike maji kwa saa chache wakati wa mvua kubwa. Kabla ya kupanua mtaro wowote, jibuni kwanza: maji yatakayofika haraka kule chini yatapokelewa na nini? Kuharakisha maji ni kuhamisha mafuriko, isipokuwa njia yote hadi mtoni imepimwa.

Kuhamisha watu kuwe kwa mwisho, na kufanywe kwa heshima. Baada ya mafuriko ya 2011, familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na Kariakoo, sokoni na kwenye vibarua walivyokuwa wakivitegemea. Baadhi waliuza au walirudi mjini. Kiwanja bila nauli ya kufika kazini hakimhamishi mtu. Tafuteni ardhi ndani ya umbali wa usafiri wa kawaida, shule na zahanati ziwepo kabla ya watu, wapangaji wapewe fedha ya kuanzia pamoja na wenye nyumba, na bonde lililoachwa lipewe matumizi siku hiyohiyo, iwe bustani, viwanja au kilimo cha mboga. Likiachwa tupu litajaa tena.

Hatua ya 6: Tangazo la mvua liwe na amri ndani yake

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa kila kimoja halmashauri iandike kwenye ukurasa mmoja nani anafanya nini. Kwenye angalizo, mtendaji wa kata anakagua makaravati na vituo vya hifadhi, na simu za wajumbe zinahakikiwa. Kwenye tahadhari, wajumbe wanapita kwa watu walio kwenye orodha, shule zilizo ng’ambo ya vivuko vibaya zinaruhusu watoto mapema, na mitambo inasogezwa. Kwenye tahadhari kubwa, wakazi wa maeneo yenye alama za juu wanahama jioni, kabla ya giza, na TANESCO wanaombwa kukata umeme maji yakifika usawa uliokubaliwa.

Vijito vya mjini hujaa haraka baada ya mvua kunyesha vilimani, na hapo tangazo la redio halitoshi. Pakeni nguzo ya daraja lililo upande wa juu wa mto rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na mlipeni mkazi wa karibu muda wa maongezi ili apige simu kwa watendaji wa chini maji yanapogusa njano. Ujumbe uende kwa kila njia ambayo watu wanaisikiliza: kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, makundi ya wajumbe, bodaboda wenye filimbi. Useme mahali na saa. “Chukueni tahadhari” haimwambii mtu aende wapi.

Kituo cha hifadhi kikaguliwe mchana wa jua. Je, shule hiyo haijawahi kuzama? Ufunguo anao nani saa nane za usiku, na akisafiri? Vyoo vingapi, maji ya kunywa yako wapi, chumba cha wanawake na watoto kinafungwa kwa ndani? Fanyeni zoezi moja kabla ya masika, na watu watembee kweli kutoka nyumbani hadi hapo, wazee wakiwemo. Njia inayopita juu ya mtaro ulio wazi itagundulika siku hiyo.

Hatua ya 7: Baada ya maji kupungua

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla. Maana yake takwimu za mafuriko ya vuli zinapaswa kufika mezani kwa mhasibu Januari, na mikataba ya kuzibua kabla ya vuli isainiwe Julai na Agosti, wala si Oktoba mawingu yameshakusanyika. Pangeni kalenda ya timu kwa kufuata tarehe hizo mbili, mvua na bajeti.

Mafuriko yakitokea, timu irudi mtaani ndani ya wiki moja, kabla kuta hazijasafishwa na kupakwa rangi. Wapime alama mpya, walinganishe na ramani, waandike wapi ilikosea. Wahoji walioondoka mapema na waliobaki, na sababu ya kila mmoja. Waorodheshe hasara za kaya na za biashara ndogo kwa shilingi, kwa kuwa hiyo ndiyo namba mtakayoiweka kando ya gharama ya karavati jipya mkiomba fedha Dodoma. Alama za mitaa zihesabiwe upya, na orodha mpya ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata ikionyesha mtaa, alama zake, kazi iliyopangwa, kiasi kilichotengwa na jina la ofisa anayehusika.